UZI: Unabii wa hukumu usipotimia, nabii ni mwongo? Tusome kesi ya Yeremia 26

#1 Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu, wenye haraka mpite tu, hakuna ugomvi.

Kila mtu anapotabiri janga humu halafu janga lisije, mabishano ni yaleyale. Upande mmoja unafungua Kumbukumbu la Torati 18:22: nabii akinena na neno lisitokee, hilo neno si la BWANA, msimwogope. Wamemaliza. Upande wa pili unajibu kwamba watu waliomba, Mungu akaghairi. Nao wamemaliza. Kinachonishangaza ni kwamba kesi hii ilishasikilizwa zamani, ndani ya Biblia yenyewe, ikiwa na washtaki, mashahidi, wazee wa baraza, na hata mtu mmoja aliyeuawa kwa kosa lilelile wakati mwenzake ameachiwa. Iko Yeremia sura ya 26, na sijui kwa nini haihubiriwi.

Ni mwanzo wa utawala wa Yehoyakimu, kama mwaka 609 KK. Mfalme Yosia ameuawa Megido na Farao Neko, na huyo huyo Farao ndiye aliyemkalisha Yehoyakimu kwenye kiti. Taifa limebaki na kitu kimoja cha kujishikiza: hekalu. Maadamu hekalu lipo, hatuguswi. Yeremia anaingia uani, wakati watu wa miji yote ya Yuda wamekuja kuabudu, anasema msipogeuka nyumba hii itakuwa kama Shilo. Shilo ndiko sanduku la agano lilikokaa enzi za Eli, na hapo mahali palikuwa pameharibiwa, kila mtu anajua. Kusema vile uani mwa hekalu ilikuwa kutafuta kifo.

Wakamkamata palepale, makuhani, manabii na watu, wakisema lazima afe. Wakuu wa Yuda waliposikia wakapanda kutoka nyumba ya mfalme, wakaketi kwenye Lango Jipya la hekalu. Langoni ndiko mashauri yalikosikilizwa siku zile. Washtaki wakatoa shtaka lao. Yeremia akajitetea kwa maneno machache mno: BWANA ndiye aliyenituma, tengenezeni njia zenu naye ataghairi, mimi nimo mikononi mwenu, nifanyeni mtakavyo, ila mkiniua mtajitwisha damu isiyo na hatia. Hakulainisha hata neno moja.

Hapo wakasimama wazee wa nchi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Wakaleta kesi ya zamani. Wakasema: siku za Hezekia mfalme wa Yuda alikuwepo nabii Mika Mmorashti, naye alitangaza kwamba Sayuni utalimwa kama shamba na Yerusalemu utakuwa magofu. Je, Hezekia alimwua? Si alimcha BWANA, akamsihi, na BWANA akayaghairi yale mabaya?

Sasa tulieni hapo kidogo. Maneno ya Mika (yapo 3:12) hayana "kama" wala "msipotubu". Ni tamko tupu. Na wazee wananukuu miaka karibu 100 baadaye huku hekalu limesimama mzima mbele ya macho yao. Kwa kipimo cha Kumbukumbu 18 kikichukuliwa kikavu, Mika alipaswa kuitwa mwongo. Wazee hawakusema hivyo. Wao walichukua kule kutotimia kuwa ushahidi wa upande wa nabii: alitumwa kweli, na alisikilizwa. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima katika uzi huu. Kwa manabii hawa, tangazo la hukumu hutolewa kwa matumaini kwamba halitatimia. Likitimia, maana yake ni kwamba hakuna aliyesikia.

Msidhani kule kughairi kulikuwa kwepesi. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru alishuka Yuda, na katika kumbukumbu zake mwenyewe anajisifu kuteka miji 46 yenye maboma na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Picha za kuzingirwa Lakishi alizichongesha kwenye kuta za kasri lake Ninawi, leo ziko British Museum, London. Lakishi iko katika nchi ileile ya chini anakotoka Mika, na ukisoma Mika 1 utaikuta miji hiyo ikililiwa mmoja mmoja, na wa kwao, Moreshethi-Gathi, ukiwemo. Yaani hukumu ilipita kijijini kwa nabii, ikafika mpaka malango ya Yerusalemu, ikakoma hapo.

Kanuni yenyewe imeandikwa wazi Yeremia 18, nyumbani kwa mfinyanzi. Mungu akitangaza kuling'oa taifa nalo likageuka, anaghairi. Wengi huishia aya ya 8. Endeleeni mpaka ya 10: akitangaza kulijenga taifa nalo likafanya maovu, anaghairi na yale mema pia. Nusu hii haina wateja.

Naomba kuwasilisha. Nipingeni.

#2 Dereva wa Usiku

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wenye vitabu vyao.

#3 Mtaa wa Saba

Mkuu Kibatari, umeandika vizuri ila umewapa watu kichaka cha kujifichia. Mtaani kwetu kuna mhubiri mkesha wa mwaka mpya alitangaza kwamba kuna mkubwa ataanguka kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita, wakubwa wote wazima. Jumapili iliyofuata akasimama: "Tulifunga, tukakesha, Mungu ameghairi!" Vigelegele, halafu kapu la shukrani likazungushwa. Likitokea, alisema. Lisipotokea, aliomba. Mtu wa namna hiyo unamkamatia wapi?

#4 Kibatari

Mkuu, swali zuri na nilikuwa nalingoja. Unamkamatia palepale kwenye kapu.

Fungua Mika 3 uone aya iliyotangulia ile ya wazee. 3:11 inasema wakuu wanahukumu kwa rushwa, makuhani wanafundisha kwa ijara, manabii wanabashiri kwa fedha, na juu ya hayo wanasema BWANA si yuko kati yetu? "Basi, kwa ajili yenu," ndipo hukumu inatamkwa. Kwa hiyo utabiri wenyewe uliosababisha mjadala wote huu ulitolewa dhidi ya unabii wa kulipwa. Aya chache nyuma, 3:5, anasema wanaotangaza amani wakipewa cha kutafuna, na asiyewatia kitu mdomoni wanamtangazia vita.

Pili, uliza nani alitubu, na alitubu nini. Yule mhubiri wako alitaja dhambi gani ya nani? Soma kitabu cha Yona: nabii alipotangaza kwamba Ninawi itaangamizwa, mfalme wa mji alishuka kwenye kiti chake, akavua joho, akavaa gunia, akakaa majivuni, akaamuru kila mtu aache udhalimu ulio mikononi mwake. Mungu "akaona matendo yao" ndipo akaghairi. Kuna kitu cha kuonekana kwa macho. Utabiri wa "mkubwa ataanguka" haumtaki mtu yeyote aache chochote. Ni mchezo wa kubahatisha.

Tatu, na hapa ndipo penye makali, soma Yeremia 28. Nabii Hanania mwana wa Azuri anasimama hekaluni anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vilivyopelekwa Babeli vitarudi. Habari njema tupu. Yeremia anajibu "Amina, BWANA na afanye hivyo." Kisha anaweka kipimo: manabii wa zamani walitabiri vita na mabaya na tauni, anayetabiri amani, huyo atajulikana neno lake litakapotokea. Unaona alivyougeuza mzigo? Anayetabiri mabaya amewaachia wasikilizaji mlango wa kutokea. Anayetabiri amani hana mlango huo, lazima ije. Hanania akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia, watu bila shaka walifurahi sana. Mwaka uleule, mwezi wa saba, akafa.

Pia angalia hawa watu wasivyojitapa. Mfalme wa Ninawi: "N'nani ajuaye?" Yoeli 2:14, maneno hayohayo. Amosi 5:15, yamkini. Sefania 2:3, huenda. Hata Mungu mwenyewe katika Yeremia 26:3 anaanza na "labda watasikia". Mtu anayekuja na uhakika wa asilimia mia kwamba maombi yake yeye ndiyo yaliyobadilisha mambo, huyo hajifunzi kwa manabii.

#5 Mzee wa Kwaya

Kijana wangu Kibatari, nimekusoma pole pole. Nina ugumu. Hesabu 23:19, Mungu si mtu aseme uongo, wala si mwanadamu ajute. Samweli naye 1 Samweli 15:29, Mtukufu wa Israeli hasemi uongo wala hajuti. Sisi tulifundishwa kwamba kughairi kwa Mungu ni lugha ya kibinadamu tu, tuelewe kwa kimo chetu. Mkisema anabadilika, kesho mtasema ahadi zake nazo zinabadilika. Tutasimama juu ya nini?

#6 Bint Mwera

Shikamoo mzee wangu. Naomba nimsaidie Kibatari hapo.

Hesabu 23 anayesema ni Balaamu, aliyekodiwa na Balaki mfalme wa Moabu ili aje awalaani Israeli. Balaki anampeleka kilima baada ya kilima, madhabahu saba huku, saba kule, akidhani pengine upande mwingine Mungu atakubali. Hapo ndipo neno linatoka kwamba Mungu si mtu ajute: amebariki, hawezi kuhongwa kwa mafahali akalaani. Hiyo aya inalinda baraka isinunuliwe.

1 Samweli 15 ni ngumu zaidi, nakiri, maana ndani ya sura moja aya ya 11 na ya 35 zinasema BWANA alijuta kumtawaza Sauli, na ya 29 inasema hajuti. Mwandishi aliziacha zote tatu akijua. Mimi naisoma hivi: ufalme umeshapewa mwingine, na Sauli kushika vazi la Samweli mpaka likararuka hakuwezi kuurudisha.

Ila mzee, kama ni kutobadilika, aya yangu ni Malaki 3:6. Mimi BWANA sina kigeugeu, "ndio maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Kutobadilika kwake ndiko kulikowaokoa! Hatofautiani na nafsi yake aliyoitangaza kwa Musa mlimani, Kutoka 34, mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Yoeli analirudia tamko hilo, Yona analirudia (kwa hasira), Nahumu anarudia sehemu yake, na katika Mika 7:18 linasikika.

Halafu tazama Hosea 11. Mungu anasema kama mzazi aliyemfundisha Efraimu (yaani Israeli, ufalme wa kaskazini) kutembea, akamshika mikono, na mtoto akakua akaenda kwa Mabaali. Kisha: nikuacheje, Efraimu? nikufanyeje kama Adma, nikuweke kama Seboimu? Hiyo ni miji iliyoangamia pamoja na Sodoma na Gomora. Moyo wangu umegeuka ndani yangu. Sitaitimiza hasira yangu kali. Sababu? "Maana mimi ni Mungu, wala si mwanadamu." Mzee, ni hoja ileile ya Balaamu, imegeuzwa uso. Kule: si mwanadamu, kwa hiyo harudishi baraka. Hapa: si mwanadamu, kwa hiyo hasira yake haimtawali kama yetu inavyotutawala.

Na hapa nampinga kidogo Kibatari. Katika Hosea 11 hakuna aliyetubu. Aya ya 7 inasema watu wamejilazimisha kurudi nyuma na kumwacha. Hakuna magunia, hakuna majivu. Kwa hiyo ile kanuni ya mfinyanzi haitoshi. Kuna kughairi kunakotoka ndani ya Mungu mwenyewe bila kusubiri mtu.

#7 Mzee wa Kwaya

Marahaba binti yangu. Umenifurahisha na Malaki. Lakini Samaria, mji mkuu wa huyo Efraimu, si ilianguka mwaka 722 KK? Waashuru waliwabeba. Sasa hilo "sitamwangamiza Efraimu" lilikwenda wapi?

#8 Bint Mwera

Mzee, sura hiyohiyo aya ya 5 na ya 6 imeshasema Mwashuri atakuwa mfalme wao na upanga utaingia mijini. Hosea hakuficha. Na aya ya 11 inasema watakuja kama ndege kutoka Misri na kama hua kutoka nchi ya Ashuru. Huwezi kurudi kama hukupelekwa. Alichokataa Mungu ni mwisho wa Adma: kufutwa asibaki mtu wa kuuliza kwao ni wapi.

#9 Mwana wa Pate

Assalaam alaykum wanajamvi, na wengineo habari zenu. Mimi Muislamu, nimeona Nabii Yunus (a.s.), mnayemwita Yona, ametajwa nikasema nichangie bila ugomvi.

Kwetu katika sura ya 10, inayoitwa kwa jina lake, aya ya 98, Mwenyezi Mungu anauliza mbona haukuwapo mji ulioamini na imani yake ikaufaa, isipokuwa kaumu ya Yunus. Walipoamini waliondolewa adhabu ya hizaya (fedheha) katika maisha ya dunia, wakastareheshwa "kwa muda". Na sura ya 37 inasema alitumwa kwa watu laki moja au zaidi. Nyinyi mna laki moja na ishirini elfu, na mna mtango uliomtilia nabii kivuli. Sisi tuna mti wa jamii ya mmung'unye. Tunakaribiana.

Hilo "kwa muda" ndilo nililotaka mliangalie. Rehema ilikuja ya kweli, na ilikuwa na ukomo wake.

#10 Kibatari

Wa alaykum salaam, shehe. Umeligusa nililokuwa nalizungukia. Ninawi ilianguka mwaka 612 KK kwa mikono ya Wababeli na Wamedi, na kitabu kizima cha Nahumu kinahusu anguko hilo. Yerusalemu nao, ule wa Mika, ulichomwa na Nebukadreza wa Babeli mwaka 586 KK, miaka 115 baada ya Senakeribu kugeuka. Katika visa vyote viwili kizazi kilichosikia kilipona, na wajukuu wakarudia yaleyale.

Dada Bint Mwera, nakubali kuhusu Hosea. Na nakuongezea ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Yona mwana wa Amitai ametajwa pia 2 Wafalme 14:25. Ni mtu wa Gath-heferi, Galilaya, na alitabiri kwamba Yeroboamu wa pili, mfalme wa Israeli, atairudisha mipaka ya Israeli toka Hamathi mpaka bahari ya Araba. Ikawa hivyo. Je, Yeroboamu alikuwa mwema? Aya ya 24 inasema alifanya maovu. Watu walitubu? Hapana. Aya ya 26 inasema BWANA aliona mateso ya Israeli kuwa machungu mno, basi. Kwa hiyo Yona alikuwa mjumbe wa rehema isiyostahiliwa kwa watu wa kwao, na hatusomi popote kwamba alilalamika. Rehema hiyohiyo ilipovuka mpaka kwenda kwa Ashuru ndipo akataka kufa.

Wayahudi husoma Yona nzima alasiri ya Yom Kippur na kumalizia na aya za mwisho za Mika 7. Na Wakristo wa asili ya Kisiria huko Iraki, pamoja na Wakopti na Waorthodoksi wa Ethiopia, bado wanafunga siku tatu za Ninawi kila mwaka kabla ya Kwaresima. Hao wa Iraki wanaishi jirani na magofu yenyewe, maana Ninawi iko ng'ambo ya Tigris, ndani ya Mosul ya leo. Msikiti wa Nabi Yunus uliokuwa juu ya kilima pale ulilipuliwa Julai 2014.

#11 Mtaa wa Saba

Nimekuelewa kuhusu kapu. Lakini historia mkuu. Waashuru walikuwa waandishi hodari, wamejaza mabamba ya udongo. Toba ya mji mzima, mpaka ng'ombe wamevishwa magunia, halafu hakuna bamba hata moja?

#12 Kibatari

Hakuna, ni kweli, na sitakupa bamba la kubuni. Wasomi wengi wanakisoma Yona kama kisa chenye fundisho. Kwa hoja yangu hainisumbui. Mtu wa Yuda aliyekiandika au kukisoma alimjua Mwashuri kwa miji 46, na bado kitabu kinaishia na Mungu kumwuliza Yona kama asiuhurumie mji mkubwa wenye watu wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, "tena wanyama wa kufugwa wengi sana". Yona hajibu.

#13 Dereva wa Usiku

Mimi si msomi ila nina mawili.

La kwanza, mnanikumbusha mama yangu akisema "nakuja na fimbo" huku anakawia makusudi kuikata ili upate muda wa kukimbilia kwa bibi.

La pili, Hezekia. Isaya alimwendea akiwa mgonjwa, tengeneza mambo ya nyumba yako, utakufa. Mfalme akageukia ukutani akalia. 2 Wafalme 20:4 inasema Isaya hata hajatoka ua wa katikati, akaambiwa rudi kamwambie nimekuongezea miaka 15. Fikirini huyo nabii anageuka kwenye korido kurudi kukanusha alichosema dakika chache nyuma! Lakini Manase alianza kutawala ana miaka 12. Piga hesabu. Alizaliwa ndani ya ile nyongeza. Na Manase ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha Yuda kuhukumiwa, 2 Wafalme 24:3. Sasa kughairi kule kulisaidia au kulizidisha?

#14 Bint Mwera

Kaka Dereva, unasema si msomi halafu unatuletea hilo? Sina jibu la kukutosha. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu wa manabii hahesabu namna hiyo, hamnyimi mtu anayelia leo kwa sababu ya mwana atakayezaliwa. Na Manase huyohuyo, 2 Mambo ya Nyakati 33, alipofungwa kwa minyororo akanyenyekea, naye akasikiwa.

Niongeze Amosi 7, halafu nikapike. Anaonyeshwa nzige wanakula mimea inayochipuka baada ya mavuno ya mfalme. Analia: samehe, Yakobo atasimamaje? Maana yeye ni mdogo. BWANA akaghairi. Anaonyeshwa moto. Analia tena: acha, Yakobo atasimamaje? Maana yeye ni mdogo. Akaghairi. Kumbukeni hizi ni siku za Yeroboamu wa pili, ile mipaka mipana ya Yona imeshapatikana, watu wanalala vitanda vya pembe. Israeli haijawahi kuwa kubwa hivyo tangu Sulemani, na nabii anamwambia Mungu ni mdogo, na Mungu anakubali!

Mara ya tatu ni timazi ukutani. Mungu anasema sitawapita tena. Na Amosi haombi tena. Mara hiyohiyo, kabla ya maono ya nne, mwandishi anaingiza kisa cha Amazia kuhani wa Betheli anayemwambia Amosi aondoke, akale mkate kwao Yuda, asitabiri tena Betheli maana ni patakatifu pa mfalme. Simwoni mwandishi akifanya hivyo kwa bahati mbaya. Mtu pekee aliyekuwa akiwaombea, kuhani wao ndiye aliyemfukuza.

#15 Mzee wa Kwaya

Kibatari, umesema mwanzo kuna aliyeuawa kwa kosa lilelile. Hujarudi huko. Nimeifungua sura, nimemkuta Uria mwana wa Shemaya. Maneno yake yalikuwa sawa na ya Yeremia. Yeye rehema yake ilikuwa wapi?

#16 Kibatari

Mzee, nilitumaini mtu ataniuliza na nilitumaini hataniuliza.

Uria wa Kiriath-yearimu alitabiri yaleyale, mfalme akataka kumwua, akakimbilia Misri. Yehoyakimu akamtuma Elnathani mwana wa Akbori na watu wengine, wakamleta, mfalme akamwua kwa upanga, maiti ikatupwa kwenye makaburi ya watu wa kawaida. Aya inayofuata inasema Yeremia aliokoka kwa sababu mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani ulikuwa pamoja naye. Maandiko hayasemi Uria alikosa imani wala kwamba kukimbia kulikuwa dhambi. Mmoja alikuwa na mtu barazani, mwingine hakuwa naye.

Sasa rudi 2 Wafalme 22. Kitabu cha torati kilipopatikana, Yosia akararua mavazi, akatuma ujumbe kwa nabii mke Hulda. Katika ujumbe huo alikuwemo Ahikamu, alikuwemo Akbori. Hulda akawaambia mabaya yatakuja, ila mfalme hatayaona kwa kuwa moyo wake umekuwa mwororo. Hawa wazee wawili walisikia kwa masikio yao jinsi hukumu inavyoahirishwa. Miaka kama 13 baadaye mmoja anamkinga nabii, na mwana wa mwenzake anatumwa kumleta nabii mwingine kuchinjwa.

Elnathani anaonekana tena Yeremia 36. Mwaka wa tano wa Yehoyakimu, mwezi wa tisa, baridi, mfalme yuko nyumba ya wakati wa baridi na makaa yanawaka mbele yake. Mtu mmoja aitwaye Yehudi anasoma gombo la Yeremia, na kila baada ya kurasa tatu au nne mfalme anakata kwa kijembe na kutupa motoni, mpaka likaisha. Hakuna aliyerarua vazi kama Yosia baba yake. Ila watatu walimsihi asilichome: Delaya, Gemaria mwana wa Shafani, na Elnathani. Huyohuyo. Mfalme hakuwasikia.

Na gombo lile liliandikwa kwa nini? Aya ya 3: huenda nyumba ya Yuda watasikia, wakarudi, nikawasamehe. Baada ya kuchomwa, Yeremia alimpa Baruku, mwandishi wake, gombo lingine, akaandika yote upya, na maneno mengine mengi kama hayo yakaongezwa.

#17 Mtaa wa Saba

Mkuu, nakutafutia ugomvi mwingine. Ezekieli 26 alisema Nebukadreza atauteka mji wa Tiro na kutwaa mali zake. 29:18 inakiri hakupata mshahara wowote pale. Huko nani alitubu?

#18 Kibatari

Tiro hawakutubu, na hapo kuna suala jingine kabisa. Fungua uzi wake nakuja.